Kisima kimoja, ofisi tano: majibu ya maji yetu huishia wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya kisima cha jamii huku Rongai, Kaunti ya Nakuru. Tangu kisima kichimbwe tumepokea wageni wengi: watu wa rasilimali za maji, watu wa kaunti, maafisa wa afya, wanafunzi wa chuo kikuu, na wengine waliosema wanatafiti jotoardhi. Kila mmoja huchota maji, hupima, huandika, kisha huondoka. Karatasi pekee tuliyorudishiwa ni ile ya afya, inayosema maji yanafaa kunywewa. Lakini meno ya watoto wetu yanageuka kahawia. Je, hizi ofisi za serikali hazizungumzi? Na wakija tena, tuwafungie lango?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nitaanza na meno ya watoto, maana hilo haliwezi kungoja ofisi zielewane.

Kwa sehemu ya nchi unayoishi, meno yakigeuka kahawia kitu cha kwanza cha kushuku ni floraidi. Jino hutengenezwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla ya kuota, na mtoto anayekunywa floraidi nyingi tangu utotoni hadi miaka 8 hivi huota meno ambayo enameli yake, lile tabaka gumu la nje, imeshaharibika. Doa hilo halitoki kwa mswaki. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha Afrika Mashariki ni hichohicho. Bonde la Ufa lina visima vingi vinavyopita hapo, vingine mara kadhaa, na anayekunywa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi huweza kuumia mifupa na viungo pia.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki sufuriani, kwa hiyo kila mnavyochemsha zaidi ndivyo inavyozidi kukolea. Klorini nayo haiigusi. Mpaka mpate majibu ya maabara, watoto wadogo wanywe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, au ya chanzo kilichokwisha kupimwa, na uji wao na chai yao vipikwe kwa maji hayohayo. Maji ya kisima yabaki ya kufua na kuoga. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto kali mpaka ibaki punje nyeusi ambazo hunasa floraidi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Chujio hilo huchoka, kwa hiyo mkilinunua ulizeni kabla ya kulipa: ni nani atakayepima maji yanayotoka, na punje zitabadilishwa baada ya lita ngapi?

Sasa kile cheti cha afya. Afisa aliyekiandika hakuwadanganya. Alikuja na chupa iliyotakaswa, akaiweka kwenye barafu, akaikimbiza maabara kabla vijidudu havijazaliana au kufa, na huko wakatafuta bakteria wa kinyesi. Swali lake lilikuwa moja: je, maji haya yataleta kipindupindu au homa ya matumbo? Hakuwaona bakteria hao, akaandika kwamba maji yanafaa. Floraidi hupimwa kwa chupa nyingine, ya plastiki, kwa kifaa kingine, na mara nyingi katika maabara nyingine. Inawezekana kabisa kwamba mgeni wenu mwingine aliipima mwezi uleule na kuikuta iko juu. Karatasi mbili za kisima kimoja, moja inasema salama, nyingine inasema hatari, na hazijawahi kulazwa juu ya meza moja. Hapo ndipo swali lako lilipo, na ndiyo sababu nimeamua kulijibu kwa urefu.

Tazama kwanza kila mgeni alifuata nini kwenu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, hutoa vibali vya kuchimba na kutumia maji, na hutaka kujua mnachota kiasi gani na kama maji yanashuka. Ofisi yao ya Bonde la Ufa iko hapo Nakuru mjini, kama ile ya Ziwa Victoria Kusini ilivyo Kisumu na ya Ziwa Victoria Kaskazini Kakamega. Kaunti, kwa Katiba ya 2010, ndiyo yenye jukumu la kuwafikishia wananchi huduma ya maji, hivyo huuliza kama pampu inafanya kazi na watu wangapi wanahudumiwa. Afya hutafuta vijidudu. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hukuitaja, maana yao huangalia mazingira kabla ya kuchimba. Watu wa jotoardhi, wanaotafuta mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme, wana swali jingine kabisa. Tangu 2011 volkano ya Menengai imechimbwa visima vya mvuke vinavyozidi kilomita mbili kwenda chini, nao hupima joto na kemia ya visima vya jirani ili waelewe maji ya moto yanapita wapi huko kilindini. Mwanafunzi ana tasnifu ya kukamilisha na tarehe ya kuiwasilisha.

Wote wanahitajika. Mgonjwa akiwa na madaktari watano, kila mmoja na faili yake kabatini, tatizo lake si wingi wa madaktari.

Umeuliza kama hizi ofisi hazizungumzi. Zinazungumza. Hukutana kwenye warsha, hutia saini mikataba ya maelewano, huteua kamati. Lakini mazungumzo hayo huwa ya miradi na bajeti, na maji ya ardhini hayajulikani kwa miradi. Hujulikana kwa visima, kimoja kimoja, kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu ushirikiano wa kweli katika utafiti huu huanza siku kisima chenu kitakapokuwa na namba moja inayotambuliwa na ofisi zote tano. Kabla ya hapo, mkataba wowote ule ni karatasi.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Chukua daftari za wageni wenu. Wa kwanza amekiandika kisima kwa namba ya kibali. Wa pili ameandika jina la shule iliyo karibu, wa tatu jina la kijiji, wa nne jina la mwenye shamba. Wa tano ameandika vipimo vya setilaiti tu, namba za mashariki na za kaskazini. Ungedhani namba hizo hazina ubishi. Ramani zetu za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu au kifaa cha leo hutumia WGS84. Mahali palepale, kwa misingi hiyo miwili, hutofautiana kwa karibu mita 300. Tena mstari wa nyuzi 36 mashariki, ambapo ukanda wa ramani hubadilika kutoka 36 kwenda 37, unapita kati ya Rongai na mji wa Nakuru. Mtu akikaa ofisini mjini akaingiza namba za Rongai katika ukanda wa mjini, kisima chenu kinarushwa mamia ya kilomita. Kosa hilo kubwa huonekana upesi na kusahihishwa. La mita 300 halionekani. Hukaa kwenye kompyuta kimya, kisima chenu kikiwa ng'ambo ya mpasuko wa ardhi ambako hakipo.

Halafu kina cha maji. Mpimaji huteremsha utepe wenye kitambuzi mwishoni. Kikigusa maji, kengele hulia, naye husoma namba kwenye utepe. Anasoma kutoka wapi? Mmoja husoma kutoka mdomo wa bomba la chuma, mwingine kutoka usawa wa ardhi. Bomba likichomoza nusu mita, basi katika jedwali maji yameshuka au yamepanda nusu mita bila tone kusogea. Na je, pampu ilikuwa imezimwa tangu lini? Maji yaliyopimwa dakika kumi baada ya kuzima pampu bado yanapanda. Mtu asiyejua hilo akiunganisha vipimo vya ofisi tatu atachora mstari unaoshuka, atatangaza kwamba kisima kinakauka, na baraza zima litaingiwa na hofu pasipo sababu. Au kinyume chake, kisima kinakauka kweli na mstari hauonyeshi.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo ya makarani. Mimi naona ndiyo utafiti wenyewe, hasa kwa ardhi kama yenu. Maji ya sakafu ya Bonde la Ufa hutoka juu, kwenye milima ya Mau upande mmoja na Bahati na Nyandarua upande mwingine. Mvua huzama huko, kisha husafiri chini kwa chini kupitia tabaka za majivu ya volkano, mawe ya lava yaliyopasuka na udongo wa maziwa ya kale. Mipasuko inayokata bonde kutoka kaskazini kwenda kusini mahali pengine hupitisha maji upesi na mahali pengine huyazuia. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuchimba mita 150 akapata maji mengi matamu, na wewe ukachimba mita 250 ukapata machache tena vuguvugu. Floraidi hutoka katika mawe hayohayo ya volkano, na huzidi pale maji yanapokaa muda mrefu, yanapopata moto, na yanapokosa kalsiamu. Kalsiamu ikiwepo ya kutosha hushikana na floraidi na kuitua kama madini. Ikipungua, floraidi hubaki ndani ya maji. Kisima kimoja hakiwezi kukuambia mpaka wa maji mabaya unapita wapi. Visima kumi bado havitoshi. Ukikusanya visima mia tatu vya eneo moja, kila kimoja kikiwa na mahali pake sahihi, kina chake, joto lake, kalsiamu yake na floraidi yake, ramani huanza kujichora, na kamati inayotaka kuchimba kesho inaweza kuambiwa: hapa msizidi kina hiki, pale msichimbe kabisa.

Visima mia tatu hivyo vimekwisha kuchimbwa na wananchi wamekwisha kuvilipia. Kila kibali hudai uchunguzi wa mtaalamu kabla ya mtambo kuja, na baada ya kuchimba mkandarasi hutakiwa kuwasilisha rekodi ya kukamilika: kina, aina za miamba iliyopitiwa, maji yalipopatikana, jaribio la kupampu, na kemia ya maji. Nchi yetu haijakosa utafiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984, uliokusanya sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini kote Kenya, uliona asilimia 61 zimepita miligramu 1 ya floraidi kwa lita, na karibu asilimia 20 zimepita 5. Watoto wa mwaka ule ni wazazi leo, na watoto wao wanaota meno yaleyale. Hilo linaniuma kuliko jambo jingine lolote katika kazi hii.

Tulifikaje hapa? Zamani wizara moja ndiyo iliyochimba, iliyotoa ruhusa na iliyoweka sajili, na visima vilipewa namba inayoanza na herufi C. Hata leo ukipita shamba la zamani huko Njoro au Solai unaweza kuikuta imechongwa kwenye saruji kando ya kisima. Sheria ya Maji ya 2002 ikatenganisha kazi hizo: anayetoa kibali asiwe ndiye anayeuza maji. Katiba ya 2010 ikapeleka huduma kwenye kaunti, na Sheria ya Maji ya 2016 ikafuata mpangilio huo. Mimi naunga mkono utenganisho huo, kwa sababu mchezaji hafai kuwa mwamuzi. Lakini wakati kazi zinagawanywa, kumbukumbu nazo ziligawanyika, na kuzikusanya tena kuligeuka kuwa kazi ya kila mtu, yaani ya hakuna mtu.

Upande wa magharibi hali ni hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1981 serikali za Kenya na Ufini zilianza mpango mkubwa wa maji katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi, na katika miaka hiyohiyo Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, iliyoundwa 1979, ilikuwa ikichimba visima vifupi huko Nyanza kwa msaada wa Waholanzi. Visima vingi vya pampu za mkono ambavyo watu wa Busia, Siaya na Kakamega wanavijua vilitoka enzi hizo, na kila kimoja kilichimbwa na mtu aliyeandika alichokikuta chini. Mradi wa wafadhili unapofungwa, ofisi yake hufungwa pia, na makabati yake huhamia stoo. Mtafiti wa leo anayetaka kujua kama maji ya Butere yameshuka katika miaka 40 hahitaji mashine mpya kwanza. Anahitaji makaratasi yale.

Ushirikiano unaofanya kazi upo, na mfano mzuri uko katika kaunti yenu wenyewe. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka, na bado maji yake ni matamu, tofauti na Elementaita na Nakuru. Chumvi inaenda wapi? Jibu lilipatikana wakati watafiti wa mvuke na watafiti wa maji walipolinganisha walichonacho. Maji yaliyokaa ziwani yakipigwa jua hubeba oksijeni nzito zaidi kuliko maji ya mvua, na alama hiyo haifutiki yakizama ardhini. Visima vilivyochimbwa kwa ajili ya mvuke na visima vya mashamba vilipopimwa, alama ya ziwa ikaonekana chini ya ardhi kusini mwake, kuelekea Olkaria na Longonot. Ziwa huvuja chini kwa chini na kuondoka na chumvi yake. Hakuna ofisi moja ambayo ingelijua hilo peke yake, maana mwenye kutafuta umeme ndiye mwenye visima virefu, na mwenye kulinda ziwa ndiye mwenye swali.

Maziwa ya bonde yalipofurika kufikia 2020, hata lango kuu la Mbuga ya Ziwa Nakuru likamezwa na maji, serikali na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, waliwaweka pamoja wataalamu wa idara mbalimbali, na ripoti yao ikatoka 2021. Mvua, udongo unaoporomoka kutoka mashambani, misitu iliyokatwa na mwendo wa ardhi yenyewe vyote viliangaliwa kwa pamoja. Ilichukua mafuriko kuwakutanisha. Maji yanaposhuka polepole ardhini hayawafukuzi watu majumbani usiku, na kwa hiyo hayaundiwi kamati.

Kinyume chake tulikiona Turkana. Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba bahari ya maji imegunduliwa chini ya Lotikipi, kwa msaada wa picha za rada za setilaiti. Wananchi wakaambiwa kiu imekwisha. Visima vya kuhakiki vilipochimbwa, maji ya Lotikipi yakakutwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Setilaiti haikukosea katika kazi yake. Huonyesha mahali pa kutafuta. Kilichokosekana ni subira ya kuleta mtambo wa kuchimba na maabara ya kemia kabla ya kuita waandishi wa habari. Nalitaja hili kwa sababu kuna imani inayokua kwamba setilaiti zitatuondolea haja ya kupima visima. Zile zinazopima uzito wa maji ardhini, zilizoanza kurushwa 2002, huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Kwao Rongai, Kisumu na Kericho ni doa moja.

Kisumu kuna somo jingine. Katika mitaa ya Manyatta na Migosi, watafiti walirudi kwenye visima vifupi vilevile kwa miaka kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakahesabu vyoo vya shimo vinavyovizunguka na kupima vijidudu. Kurudi kwenye kisima kilekile ndiko kulikoleta maana. Ukipima mara moja unapata picha. Ukirudi unaona vyoo vikiongezeka na unaweza kuuliza maji yamefanya nini. Kazi ya namna hiyo humhitaji mtu wa maji, mtu wa afya na mpangaji wa mji, na wote watatu hulipwa na kodi moja.

Na kuna mahali ambapo hata serikali moja haitoshi. Maji yaliyo chini ya Mlima Elgon hutumiwa Bungoma na Trans Nzoia, na hutumiwa Mbale na Kapchorwa pia. Mpango wa Bonde la Mto Nile umeyaweka miongoni mwa hazina za maji za mipakani zinazochunguzwa kwa pamoja na Kenya na Uganda. Kama nchi mbili zinaweza kukubaliana namna ya kupima, naamini idara mbili za Nakuru zinaweza.

Ukitaka kujua nini hufanya makubaliano kama hayo yadumu, tazama pesa. Marekani, idara ya taifa ya jiolojia, USGS, ilianza mwaka 1895 huko Kansas kufanya utafiti wa maji kwa pamoja na jimbo, na utaratibu huo ukaenea nchi nzima: taifa linaweka sehemu yake, jimbo au mji unaweka yake, vipimo hufuata kanuni moja, na matokeo huwekwa wazi kwa kila mtu. Nasisitiza hilo la kila upande kuweka pesa. Ofisi iliyochangia haikubali kunyimwa majibu. Kwetu ofisi moja hupata mfadhili, hufanya yote, hukaa na yote, na nyingine huchukulia ile kazi kuwa si yao. Kaunti ya Nakuru ikitenga hata fungu dogo la kupima visima pamoja na WRA, jambo litabadilika zaidi kuliko warsha kumi. Sheria ya 2016 tayari inaitaka Mamlaka iwe na mfumo wa kitaifa wa kufuatilia na kutunza taarifa za maji, kwa hiyo hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji kaunti, jotoardhi, afya na vyuo wajaze mfumo huo kwa namba moja ya kisima.

Nije kwa mnachoweza kufanya ninyi, bila kungoja.

Kwanza tafuteni rekodi ya kukamilika kwa kisima chenu. Iko kwa mkandarasi aliyechimba, na nakala inapaswa kuwa WRA. Andikeni namba ya kibali kwa rangi kwenye ukuta wa tangi, herufi kubwa, ili kila mgeni aitumie hiyo. Chini yake andikeni kina cha kisima na bomba limechomoza sentimita ngapi juu ya ardhi. Hiyo pekee itawaokoa watafiti na nusu ya makosa niliyoyaeleza.

Pili, andikeni barua moja kwa ofisi zote zilizowahi kuchukua maji yenu, si barua tano, na juu ya kila nakala yaonekane majina ya wote mliowaandikia. Ombeni majibu yote ya maabara ya kisima hicho, pamoja na tarehe na jina la maabara. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa haki hiyo, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Pelekeni pia nakala kwa chama cha watumiaji wa rasilimali za maji cha eneo lenu. Vyama hivyo vinatambuliwa na sheria, na afisa hulisoma kwa makini zaidi ombi likipitia huko kuliko likitoka kwa kamati moja.

Tatu, msikae kungoja floraidi iliyopimwa na wengine. Pimeni yenu, kwa chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, na ombeni maabara ipime floraidi, kalsiamu, sodiamu na chumvi kwa jumla. Mkija kuchimba kisima cha pili, kalsiamu hiyo itamwambia mtaalamu wenu mengi.

Nne, na hapa Mwalimu ndipo uzoefu wako wa darasani utafaa, wekeni daftari la kina cha maji. Siku moja kila wiki, alfajiri kabla pampu haijawashwa, kijana mmoja aliyefundishwa ateremshe utepe na kusoma kutoka mdomo wa bomba, kila mara palepale. Tarehe, saa, kina, na mita ya maji inasoma ngapi. Baada ya misimu miwili ya mvua mtakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi hata moja inayo kuhusu kijiji chenu, na wakija mtaweza kubadilishana: daftari letu kwa majibu yenu.

Kwa hiyo msiwafungie lango. Wekeni masharti langoni. Kila mgeni aandike jina, ofisi, na anachokuja kupima. Mtafiti aonyeshe leseni yake ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, leseni ambayo sheria inamtaka awe nayo. Atumie namba iliyo ukutani, aandike kama pampu ilikuwa inafanya kazi, na atie saini kwamba nakala ya majibu itarudi kwa kamati. Afisa mwema hatakasirika. Mara nyingi naye amechoka kukusanya namba ambazo hazisomwi na mtu. Na mwanafunzi akisema majibu yatapatikana kwenye tasnifu, mwambieni tasnifu mtaisubiri kwa furaha, ila karatasi ya maabara aitume wiki ileile inapotoka, kwa sababu kuna watoto wanaokunywa maji hayo leo.